Aloevera ya nyumbani: maswali yanayokuja sana hapa Arusha

Yangu inaoza chini na namwagilia kila siku, shida nini?

Shida ndo hiyo kila siku. Huu mmea unatunza maji kwenye majani, na udongo wetu mwekundu unashika maji sana hasa masika, Machi mpaka Mei. Changanya na mchanga wa kujengea nusu kwa nusu, panda kwenye ndoo uliyoitoboa chini, mwagilia udongo ukikauka kabisa, mvua zikianza isogeze barazani. Ikishaoza usitupe yote, toa vile vitoto vya pembeni viache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke ndo upande.

Ikitoa maua dawa inaisha?

Hapana, imekomaa tu. Maua yake ni ya njano, zile za porini zenye maua mekundu ni jamii nyingine, usizing'oe wala usizitumie kwa kukisia.

Bibi anasema ule utomvu wa njano ukinywa unasafisha tumbo, kweli?

Shikamoo bibi, kusafisha unasafisha, tena sana! Ila jani lina vitu viwili, utelezi mweupe wa ndani na huo utomvu wa njano chini ya ganda, wenyewe una aloini ambayo ndo inaharisha, tumbo linasokota na mwili unapoteza maji na potasiamu. Marekani dawa za kulainisha choo zenye huo utomvu zilizokuwa zinauzwa bila cheti cha daktari zilizuiwa 2002, na wakala wa WHO wa utafiti wa saratani umeweka dondoo ya jani zima kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani. Kwahiyo lile jani linalosagwa na ganda lake kwenye blenda mimi siliafiki hata kidogo. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye ugonjwa wa figo wasinywe kabisa, na wewe wa dawa za sukari au za kukojosha za presha ongea na daktari wako kwanza.

Nimerukiwa na mafuta ya chipsi, nipake?

Kwanza maji ya bomba yatiririke hapo dakika 20, dawa ya meno hapana. Kama ni wekundu tu, kata jani la nje, lisimamishe kwenye kikombe robo saa utomvu uchuruzike, osha, menya, paka ule utelezi, ngozi ikianza kuwasha nawa uache. Malengelenge makubwa, usoni au kwa mtoto mdogo, nenda hospitali.