Mtoto anayekuja baada ya msiba: maswali na majibu kuhusu kupanga kumnyonyesha

Majibu haya ni ya mama wa Arusha, Moshi na vijiji vinavyozunguka milima yetu miwili, ambaye aliwahi kumzika mtoto mchanga au kujifungua mtoto aliyekwisha kufa, na sasa anatarajia mwingine.

Nina mimba ya miezi saba. Mtoto wangu wa kwanza alifariki akiwa na siku nne. Nianze lini kupanga habari za kunyonyesha?

Pole sana, mama. Anza sasa, na anzia kwa yule aliyetangulia. Tafuta karatasi ya ruhusa uliyopewa hospitali wakati ule, nenda nayo kliniki, uliza wazi: alifariki kwa sababu gani, na je, sababu hiyo inagusa chakula cha huyu anayekuja?

Majibu hutofautiana sana. Kama alizaliwa njiti, mpango wako mkubwa ni kujua kukamua maziwa kwa mkono kabla hujaingia leba. Kama alichoka kwa uchungu wa muda mrefu, kinachobadilika zaidi ni mahali pa kujifungulia kuliko namna ya kumlisha. Kama una kisukari, sukari ya mtoto inaweza kushuka saa chache baada ya kuzaliwa, kwa hiyo lazima anyonye mapema na apimwe. Kama ulitoka damu nyingi mno, mwambie daktari, hasa ikiwa maziwa hayakutoka kabisa na hedhi haikurudi kwa miezi mingi. Upungufu mkubwa wa damu huweza kudhuru tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo hutoa amri ya kutengeneza maziwa.

Na kama alizaliwa mzima, akaanza kunyonya vizuri, kisha ndani ya siku chache akatapika, akawa wa manjano na kulegea, lieleze hilo kwa ukamilifu wake. Mara nyingi huwa ni maambukizi. Lakini upo ugonjwa nadra wa kurithi, galaktosemia, ambapo mwili wa mtoto hushindwa kuitumia sukari iliyo ndani ya maziwa. Huo ni miongoni mwa hali chache sana zinazomzuia mtoto kunyonya ziwa la mama, na daktari akiujua mapema anaweza kujiandaa.

Yote haya yaandikwe kwenye karatasi moja ikae ndani ya kadi yako ya kliniki. Mkunga wa zamu ya usiku hajui historia yako, na wewe ukiwa kwenye uchungu hutaweza kuisimulia.

Nyumbani wanasema maziwa yangu ndiyo yalimdhuru, kwamba nilimbemenda, yaani nililala na mume wangu nikiwa nanyonyesha, maziwa yakaharibika.

Hapana. Maziwa hayachachi ndani ya ziwa. Yale yaliyokauka baada ya mazishi hayakubaki kifuani yakimsubiri mwingine. Kila mimba hutengeneza maziwa yake mapya. Tendo la ndoa nalo haliingii kwenye maziwa. Kinachomdhoofisha mtoto kweli ni pale mimba nyingine inapokuja haraka, mama akamwachisha ziwa, naye akabaki na uji mwepesi. Ndiyo maana uzazi wa mpango uzungumzwe kabla hujajifungua.

Nenda kliniki na mama mkwe angalau mara moja. Mara nyingi yeye ndiye atakayemwogesha mtoto na kukupikia mtori, na asipoelewa yeye, mpango wako utavunjikia jikoni.

Akishazaliwa tu, nifanye nini?

Awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, afunikwe, aanze kunyonya ndani ya saa moja. Hata ukijifungua kwa upasuaji wa ganzi ya mgongo inawezekana, ukisaidiwa kumshika. Miezi ya Juni na Julai, Arusha na vijiji vya juu kama Kibosho na Marangu ni baridi, na mtoto aliyepoa hukosa nguvu za kunyonya. Kifua chako kina joto linalomtosha. Ongeza kofia na soksi tu.

Usimpe maji, maji ya sukari wala maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, ni kinga yake. Ni machache kwa sababu siku ya kwanza anahitaji mililita 2 hadi 10 tu kila anaponyonya, na kijiko cha chai ni mililita 5. Hofu ya "hana kitu cha kula" huanzia hapa, kwa mama aliyefiwa zaidi kuliko kwa mwingine yeyote.

Tazama anavyolishika ziwa: mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa ziwa, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Maumivu yakiendelea wakati ananyonya, ujue ameshika chuchu peke yake. Ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, mwachishe, aanze upya.

Nitajuaje kwamba anashiba? Naogopa nitakosea tena.

Neno "tena" liweke pembeni, hatukubaliani nalo. Halafu tumia macho yako, maana mwili wa mtoto unasema.

Siku ya kwanza atakojoa angalau mara 1, ya pili mara 2, ya tatu mara 3. Kuanzia siku ya tano, mara 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo ukiwa mweupe. Kinyesi huanza cheusi kama lami, kikageuka kijani karibu siku ya tatu, na kufikia siku ya tano kiwe cha njano. Kikiwa bado cheusi siku hiyo, hapati maziwa ya kutosha. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Akilala zaidi ya saa 3 siku hizi za mwanzo, mwamshe: mvue nguo, mkande nyayo, mrudishe kifuani. Mtoto anayelala mno si lazima awe mpole. Huenda ameishiwa nguvu.

Uzito hupungua mwanzoni, na hilo ni la kawaida. Mtoto wa kilo 3 akipungua gramu 210, yaani asilimia 7, aangaliwe anavyonyonya. Akipungua gramu 300 anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Anatakiwa awe ameurudisha uzito wa kuzaliwa akifikisha wiki mbili. Omba apimwe siku ya tatu, kwenye mizani ileile kila mara, kwa sababu mizani mbili zikitofautiana zitakutia hofu bure au kukuficha tatizo.

Maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Huweza kuchelewa kwa sababu ya upasuaji, kisukari, damu nyingi iliyotoka au kipande cha kondo la nyuma kilichobaki. Siku ya nne ikiisha matiti hayajawa mazito, rudi hospitali wewe pamoja na mtoto.

Na usisubiri kuche ukiona haya: amegoma kunyonya, amepata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinabonyea ndani, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, hachezi mpaka aguswe, au viganja na nyayo zimekuwa za manjano. Jua kabla ya kujifungua ni dereva gani wa bajaji atakayepokea simu saa nane usiku.

Akizaliwa njiti na kulazwa wodi ya watoto wachanga, kama KCMC, Mawenzi au Mount Meru?

Hapo kazi yako ni kukamua. Anza ndani ya saa moja ukiweza, isizidi saa 6, kisha kila baada ya saa 2 au 3, angalau mara 8 kwa siku na mojawapo iwe usiku wa manane, wakati homoni ya kutengeneza maziwa inapokuwa juu. Ziwa lisiloondolewa maziwa huacha kutengeneza. Ndiyo sababu wengi hukaukiwa wiki ya pili, wakati mtoto ndiyo kwanza anahitaji zaidi.

Nawa mikono kwa sabuni. Kanda ziwa taratibu. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiteleze juu ya ngozi wala kuvuta chuchu. Zungusha vidole ili pande zote ziguswe. Siku ya kwanza utapata matone. Yakusanye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu kwenye kikombe kikubwa yatabaki yamegandia ukingoni.

Kiasi hupangwa na daktari, lakini uelewe hesabu. Mtoto wa chini ya kilo 2.5 kwa kawaida huanza na mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, zikiongezwa 20 kwa kila kilo kila siku. Wa kilo 1.8 atapata mililita 108 siku ya kwanza: kila baada ya saa 2 ni mililita 9. Ukikamua 9 umemlisha, usione haya kubeba kidogo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 mahali penye ubaridi wa chumba, au saa 24 ndani ya friji. Omba pia kumbeba kwa njia ya kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi kifuani pako, mara hali yake ikiruhusu, kwani humpa joto nawe maziwa huongezeka.

Si salama zaidi nikiongezea maziwa ya kopo?

Bila sababu ya kitabibu, hapana: kila mlo wa kopo ni mlo ambao ziwa halikuombwa. Sababu ikiwepo, daktari akasema, yapokee bila kujilaumu, na uyatengeneze sawasawa. Maji yachemke, yaache yasizidi nusu saa ili yabaki na joto la angalau nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe huweza kuwa na vimelea. Pima vijiko kama kopo linavyoelekeza, na usiyazimue ili lifike mwisho wa mwezi. Yapoze, mpe kwa kikombe, na yaliyozidi saa 2 yamwage.

Jambo moja la kwetu: maji mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ulizia maji yako. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata kama wewe unakunywa maji hayo.

Nina VVU.

Meza ARV kila siku bila kuruka, nyonyesha maziwa pekee miezi 6, mtoto apewe dawa yake ya kinga, apimwe wiki ya sita. Kuchanganya ziwa na vyakula vingine miezi hiyo ndiko kunakoongeza hatari.

Maziwa yakianza kushuka nalia. Je, huzuni itayakausha?

Huzuni haikaushi maziwa, ila huchelewesha kushuka kwake. Kaa umeegemea, weka kitambaa cha uvuguvugu juu ya ziwa, mtu akusugue mgongo. Kunyonyesha huku ukimlilia mwingine ni jambo la kweli na halimdhuru huyu. Lakini ukikosa usingizi hata mtoto anapolala, au hutaki kumtazama, au hali ikapita wiki mbili, mwambie muuguzi. Zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia.

Nimeajiriwa. Likizo ya yule aliyefariki niliitumia mwaka jana. Je, nitapata nyingine?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 kwa mapacha, ndani ya mzunguko wa miezi 36. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana haki ya siku 84 nyingine ndani ya mzunguko uleule. Ukirudi kazini, unaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.