Kipande cha Uvimbe wa Titi: Kinavyopaswa Kutunzwa Kabla ya Kufika Maabara

Kila Oktoba, mwezi wa kampeni ya saratani ya matiti, dirisha la maabara yetu la kupokea sampuli hujaa na malalamiko nayo huongezeka. Majibu yamechelewa. Mgonjwa ameambiwa atolewe kipande upya. Maabara imeharibu sampuli. Maabara hukosea, hilo hatulikatai, na mwenye lalamiko ana haki ya kusikilizwa. Lakini kipande kilichoharibika njiani hakuna mashine itakayokirudishia uhai, na jambo hili bado halijaeleweka vya kutosha.

Kujua kwamba uvimbe ni saratani ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua seli zake zinaendeshwa na nini: vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni za estrojeni na projesteroni, na protini iitwayo HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa vivimbe 189 vya matiti. Katika asilimia 30 ya vivimbe hivyo, jeni ya HER2 ilikuwa imejizidisha, kuanzia mara 2 hadi zaidi ya mara 20, na wanawake wenye uvimbe wa aina hiyo ugonjwa uliwarudia mapema zaidi. Ndiko ilikotoka dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Dawa hiyo hushika HER2. Majibu yakitoka hasi kwa sababu kipande kiliharibika, mgonjwa aliyestahili dawa hiyo anaikosa.

Mara tu kipande kinapokatwa, damu haikifikii tena na vimeng'enya vya seli huanza kuzila seli zenyewe. Kwa joto la Dar es Salaam kazi hiyo huenda haraka. Kwa hiyo kipande kiingie kwenye formalini, dawa ya maji inayokihifadhi kisioze, ndani ya saa 1. Formalini inayotakiwa ni ya asilimia 10 yenye bafa, yaani sehemu 1 ya formalini kali kwa sehemu 9 za maji yenye bafa, yaani chumvi zinazoizuia kugeuka tindikali. Isiyo na bafa hugeuka tindikali kadiri inavyokaa, na tindikali hukatakata DNA. Kali isiyochanganywa nayo haifai, maana hukaza nje haraka na kuacha ndani kubichi. Ujazo uwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kipande, kikielea kwa nafasi. Formalini hupenya takribani milimita 1 kwa saa, ndiyo maana titi zima lililoondolewa ni lazima wataalamu walipasue vipande vya milimita 5 hadi 10 ndipo lilowekwe. Ndugu wa mgonjwa, wewe usikate wala kufungua chochote.

Muda wa kulowa una mipaka miwili: usipungue saa 6, usizidi saa 72. Kikitolewa mapema, vipokezi vya homoni huweza kusomeka kama havipo. Kikikaa mno, formalini hufunganisha protini na DNA kiasi kwamba vipimo vya jeni huwa vigumu. Kipande kilichotiwa kwenye formalini Ijumaa saa 10 jioni hutimiza saa 72 Jumatatu saa 10 jioni. Jumatatu ikiwa sikukuu, hesabu imeshavurugika. Kwa hiyo fomu ionyeshe saa kipande kilipotolewa mwilini na saa kilipoingia kwenye formalini. Tunapokea fomu nyingi mno zenye jina na umri tu, na fomu ya namna hiyo tunaisimamisha mpaka hospitali iliyoituma ijibu. Jina la kwenye kopo lilingane na la kwenye fomu, herufi kwa herufi, na liandikwe kwenye kopo lenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Sasa usafiri, kwa wanaotoka Mbagala, wanaovuka Kigamboni na wanaoshuka na mzigo kutoka mikoani pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Chupa ya maji ya kunywa haifai. Kipande huingia kikiwa laini, kikakakamaa ndani, kisha hakipiti tena shingoni na tunalazimika kukata chupa. Tumia kopo la mdomo mpana lenye kifuniko cha kukaza. Barafu haichukui nafasi ya formalini, na kipande kibichi kikiganda, fuwele za barafu hupasua seli. Maji ya chumvi hayazuii kuoza. Spiriti hukakamaza na kuvuruga upimaji wa HER2. Pamba kavu hukausha. Tumeyasema haya mara nyingi, na bado vipande vinakuja kwenye mfuko wa rambo. Kopo likae ndani ya mifuko miwili, mbali na chakula na watoto. Mvuke wa formalini huchoma macho na koo, na formaldehaidi, kemikali iliyomo ndani yake, imethibitishwa kusababisha saratani kwa wanaovuta mvuke wake kwa muda mrefu.

Kuhusu kuchelewa. HER2 husomwa 0 au 1+, yaani hasi, 2+, au 3+, yaani chanya. Alama ya 2+ si jibu, ni kusema bado hatujui, na ni lazima nakala za jeni zihesabiwe kwa kipimo kingine kwenye kipande hicho hicho. Hapo ndipo siku zinapoongezeka. Na tafadhali: HER2 chanya si VVU, haiambukizi, wala si jambo ulilorithi kwa mama na kuwapa watoto. Ni badiliko lililotokea ndani ya uvimbe wenyewe.

Majibu hukabidhiwa mgonjwa au daktari wake. Ndugu aje na barua ya mgonjwa yenye sahihi, nakala ya kitambulisho cha mgonjwa na kitambulisho chake mwenyewe. Ujumbe wa simu hautoshi, hata mwenye simu akiwa mume. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuzitoa kinyume cha sheria kuna adhabu ya faini, kifungo au vyote viwili. Sheria hiyo inamhusu mtumishi wetu, na inafaa imfikirishe pia anayepiga picha majibu ya mwenzake na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp.

Anayetaka maoni ya daktari mwingine aombe bloku ya nta, yaani kipande kilichogandishwa ndani ya nta, kwa barua ya daktari. Bloku huazimwa kwa kusainiwa na hurudishwa, maana kipande kilichobaki kimo humo. Tukitoa slaidi, yaani vioo vyenye utando mwembamba wa kipande, ambazo hazijapakwa rangi, zipimwe ndani ya wiki 6 tangu zilipokatwa, kwa kuwa baada ya hapo vipokezi hufifia na bloku italazimika kukatwa tena.