Kifundo hakiumi tena, lakini hakijapona

Wiki tano zilizopita aliingia kwenye chumba changu cha tiba ya viungo mama mmoja anayeuza samaki sokoni Kibuye, hapa Kisumu. Kifundo chake cha mguu wa kulia kilikuwa kimeteguka mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza aliteleza kwenye ubao wa kuvukia mtaro. Mara ya pili alikuwa anashuka matatu. Mara ya tatu, "nilikuwa natembea tu, daktari, hata jiwe halikuwepo." Kila mara alifanya yale yale: alikandwa kwa maji moto, akakaa nyumbani juma zima, maumivu yakaisha, akarudi sokoni.

Nilimwomba avue viatu asimame kwa mguu wa kushoto, mikono kifuani. Alimaliza sekunde 30 huku akinieleza bei ya mbuta ilivyopanda. Tukabadilisha mguu. Safari hii hadithi ya mbuta ilikatika. Vidole vikaanza kung'ang'ania sakafu, mishipa ya juu ya mguu ikachezacheza kama nyuzi za nyatiti, na kabla sijahesabu nne alikuwa ameshika meza. Akanitazama kana kwamba nimemfanyia mazingaombwe. "Lakini hauniumi!"

Ndiyo, hauumi. Wengi hudhani maumivu yakiisha basi kazi imeisha, kumbe hapo ndipo kazi yangu inapoanza.

Upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mguu ukipinduka kwa ndani, kwa kawaida ile ya mbele ndiyo huumia kwanza. Sasa, kano si kamba tu. Zina ncha za neva zinazouarifu ubongo kila wakati mguu umekaa vipi: umelala upande, umenyooka, umekanyaga kokoto. Kano ikichanika, habari hizo huvurugika. Misuli iliyo pembeni mwa ugoko, ambayo kazi yake ni kuudaka mguu unapoanza kupinduka, hudaka ikiwa imechelewa. Maumivu yanaweza kuondoka kwa wiki mbili tatu, ilhali kano yenyewe huendelea kujijenga kwa miezi kadhaa, pengine mwaka. Ndiyo maana mama huyu hakuhitaji jiwe.

Kuhusu siku za mwanzo sitasema mengi. Usikande kwa nguvu wala kwa maji moto siku mbili tatu za kwanza, kwa sababu unaongeza uvimbe mahali ambapo damu bado inavuja. Funga bandeji, inua mguu juu ya mto. Barafu? Mwaka 1978 daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, ndiye aliyeeneza ule ushauri wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga na kuinua. Mwaka 2014 yeye mwenyewe akaandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Mimi bado nairuhusu kwa ajili ya maumivu, dakika 10 hadi 15, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Lakini siahidi kwamba itakuponya haraka.

Kitu kimoja usikipuuze. Ukishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe nyuma ya kile kinundu cha kifundo ukasikia uchungu mkali, usije kwangu kwanza. Nenda ukapigwe eksirei.

Nilipokuwa mwanafunzi wa fani hii, mtu aliyeteguka tulimpa magongo na kumwonya asikanyage chini. Leo naona tuliwachelewesha wengi. Kwa mteguko wa kawaida, nataka ukanyage mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu, hata kama unachechemea kidogo.

Baada ya hapo ni mazoezi ya usawa, na haya hayahitaji mashine. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, karibu na ukuta, sekunde 30 mara tatu. Ukiweza hilo bila kuyumba, fumba macho. Utashangaa jinsi chumba kinavyogeuka mtumbwi. Kisha simama juu ya godoro lililokunjwa. Halafu panda kwa ncha za vidole kwenye ngazi ya mlango, shuka polepole kisigino kikipita chini ya ukingo, mara 15, seti tatu. Vijana wa mpira nawaongezea kuruka kwa mguu mmoja na kugeuka ghafla, na ninawataka wavae kinga ya kifundo wanaporudi uwanjani. Wao ndio wagumu kuliko wote. Timu ikiwa na mechi Jumapili, Ijumaa wote wamepona.

Mama wa Kibuye hachezi mpira, ila hubeba beseni kichwani, na hilo ni zoezi kubwa kuliko la kijana yeyote. Kwa hiyo tulifanya lake: kwanza kusimama kwa mguu mmoja na beseni tupu kichwani, kisha lenye lita mbili za maji. Siku ya kwanza tuliloana sote wawili. Nilimwandikia wiki nane.

Juzi, wiki ya tano, alifikisha sekunde 22 macho wazi. Akaniambia basi Jumapili anabeba beseni lililojaa, maana ndiyo siku yenye wateja. Nikamwambia nusu. Akasema nusu beseni ni hasara, nauli ni ile ile. Tukavutana pale mlangoni kama watu wanaonunua ngege: nusu Jumapili hii, robo tatu ile inayofuata, na kijana wake abebe kilichobaki. Alikubali, ila alitoka akinung'unika kwamba mimi ni mgumu kuliko wateja wake.