Je, wajua kwa nini filamu isiyohitaji kompyuta hutunzwa kwa kompyuta?

Mtu akikwambia "tupatane Archives", unajua ni wapi: pale Moi Avenue, Nairobi, mbele ya jumba ambalo zamani lilikuwa benki. Wengi wetu tumesimama pale kumsubiri mtu, saa nzima pengine, bila kuingia ndani. Makavazi hayo ya Kitaifa yaliundwa kisheria mwaka 1965, na katika miaka hiyo ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kilipata nakala za nyaraka nyingi za enzi ya ukoloni, ripoti za ma-DC (wakuu wa wilaya) zikiwemo. Makaratasi yalibaki Nairobi. Kilichovuka bahari ni mikrofilamu.

Mikrofilamu ni picha za kurasa zilizopunguzwa mno na kupangwa kwenye mkanda, mara nyingi wa upana wa milimita 35 na urefu wa mita 30 hivi. Gazeti zima la miezi kadhaa huingia kwenye kijisanduku unachoweza kushika kwa mkono mmoja. Kuisoma unahitaji taa na lenzi tu. Mkanda wa poliesta uliosafishwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu penye ubaridi hukadiriwa kuishi miaka 500. Sasa kitu kisichojali umeme wala programu, kompyuta ni ya nini?

Mkanda hausemi kilichomo ndani yake. Kitabu utakifungua katikati, usome mstari mmoja, ujue ni nini. Mkanda uliofungwa kwenye sanduku ni bubu, na yote yatategemea lebo. Zamani maktaba ziliandika orodha kwenye daftari au kadi, mstari mmoja kwa kila mkanda. Hapo ndipo mambo huharibika.

Chukua gazeti la Standard. A.M. Jeevanjee alilianzisha Mombasa mwaka 1902 kwa jina African Standard. Baadaye likaitwa East African Standard, likahamia Nairobi mwaka 1910. Msomaji anataka toleo la Alhamisi, 12 Desemba 1963, siku ya uhuru. Atafute kwa jina lipi? Na gazeti moja lina mikanda mingi, huku mkanda mmoja ukiweza kubeba vijigazeti vitatu vilivyokufa mapema. Ukijaribu kubana haya yote kwenye daftari lenye safu sita, utaishia kuandika maelezo pembeni kwa penseli, na anayeielewa ile penseli siku moja atastaafu.

Hifadhidata, yaani programu ya kompyuta inayopanga rekodi kwenye majedwali, huyatenganisha. Kuna jedwali la magazeti, na humo majina ya zamani na mapya hufungwa pamoja. Kuna jedwali la matoleo, tarehe kwa tarehe, lenye alama kwa siku ambazo nakala haikupatikana au ukurasa ulikuwa umechanika. Jedwali jingine ni la mikanda. Kila rekodi ina nambari yake, na nambari ndizo zinazounganisha majedwali. Jina likibadilika unalirekebisha mahali pamoja, si kwenye mistari mia nne. Alama za mapengo, kwa maoni yangu, ndizo zenye faida kuliko zote: zinamwonyesha mhifadhi ni matoleo gani ya kuombwa kwa maktaba nyingine kabla kamera haijawashwa, na kumwepusha kupiga upya kile ambacho mwingine amekwisha kupiga.

Kisha kuna suala la vizazi. Kazi iliyofanywa sawasawa huacha nakala tatu: nakala mama iliyotoka kwenye kamera, ambayo hufungiwa mbali na haiguswi, ya pili ya kuzalishia nyingine, na ya tatu ya wasomaji, hiyo ndiyo inayokwaruzwa na mashine kila siku. Nakala ya wasomaji ikichakaa, hifadhidata inaonyesha ilizaliwa na ipi. Ukurasa ukionekana na ukungu, unafuata ukoo kurudi nyuma: kama mama naye ana ukungu, hakuna haja ya kuchapisha nakala nyingine, itabidi karatasi yenyewe ipigwe tena.

Lakini pale ambapo daftari hushindwa kabisa ni kwenye siki. Mikanda mingi ya zamani ilitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki ambayo joto na unyevu huifanya itoe asidi yenye harufu ya siki, na asidi hiyo huzidi kuchochea uozo. Filamu husinyaa, hupinda, na mvuke wake huwadhuru majirani kwenye rafu. Wahifadhi huweka ndani ya sanduku kipande cha karatasi maalumu ya buluu, ambayo hugeuka kijani kisha njano kadiri asidi inavyoongezeka. Kipimo kimoja hakikuambii kasi. Vipimo vya miaka mitano vya mkanda uleule, vikiwa na tarehe na mahali pa rafu, vitakuonyesha upi unaharakisha, na utaiambia kompyuta ikutolee orodha ya inayopaswa kutengwa na kunakiliwa kwanza. (Raba bendi nazo ziondolewe popote zilipo: zina salfa, na salfa hushambulia madini ya fedha yanayounda picha.)

Kuna kichekesho kidogo. Filamu ya poliesta itaishi karne tano, ilhali programu ya hifadhidata huenda isifunguke baada ya miaka kumi na mitano. Kwa hiyo wenye busara hutoa rekodi zote mara kwa mara kama maandishi matupu yasiyodai programu fulani, na kuzichapisha kwenye karatasi pia. Na kabla ya ukurasa wa kwanza wa gazeti kupigwa, mpiga picha huweka mbele ya kamera bango lenye herufi kubwa: jina la gazeti, tarehe ya kwanza na ya mwisho, matoleo yaliyokosekana. Herufi hizo hufanywa kubwa kiasi kwamba ukiunyanyua mkanda kwenye mwanga wa dirisha, utazisoma kwa macho tu.