Mimba iliyotunga nje ya kizazi: damu isiyoonekana

Wagonjwa wangu wengi, tena wakiwa bado na mshono mbichi tumboni, huniuliza kwa nini hatukuihamisha mimba tukaipandikiza mahali pake. Haiwezekani. Zaidi ya asilimia 90 ya mimba hizi hutunga kwenye mirija ya uzazi, ambayo ni myembamba na haitanuki kama mfuko wa uzazi, na kondo changa likishajishikiza pale halina namna ya kubanduliwa likabaki hai.

Dalili huanza mara nyingi kati ya wiki ya 6 na ya 8 tangu hedhi ya mwisho, wakati ambapo wengine hawajajua kwamba wana mimba. Maumivu huwa chini ya tumbo, aghalabu upande mmoja, pamoja na matone ya damu ambayo mwanamke huyadhania kuwa hedhi iliyochelewa. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu damu inayotoka nje haielezi hata kidogo kiasi kinachomwagika ndani mrija unapopasuka. Damu hiyo ikifika kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, mgonjwa huumwa ncha ya bega, na nimewaona waliokuwa wakichuliwa bega hilo nyumbani huku wakipewa dawa ya chango, hadi walipozimia.

Makovu yanayoachwa na klamidia na kisonono kwenye mirija ni chanzo kikubwa, ingawa karibu nusu ya wagonjwa hawana kihatarishi chochote kinachojulikana. (Kitanzi hulaumiwa bure: hupunguza uwezekano wa mimba ya aina yoyote, ila mimba ikiingia kikiwapo, ni lazima ichunguzwe imekaa wapi.)

Kwa maoni yangu, mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa anayelalamika tumbo apimwe mimba kwa mkojo kwanza kabla ya kuandikiwa dawa za U.T.I. au taifodi. Kipimo kikionyesha mimba na altrasaundi ikakuta kizazi kitupu, tunapima homoni ya ujauzito kwenye damu na kuirudia baada ya saa 48. Mimba changa ambayo haijapasua mrija yaweza kutibiwa kwa sindano ya methotreksati, dawa inayosimamisha ukuaji wa mimba, mradi mgonjwa anaweza kurudi kupimwa hadi homoni iishe. Iliyopasuka ni ya upasuaji bila kusubiri, na mara nyingi mrija huondolewa.

Wengi hushika mimba tena kwa mrija uliobaki. Kwa kuwa takriban mmoja kati ya kumi hurudiwa na tatizo hili, mimba ijayo ipigwe altrasaundi mapema, kwenye wiki ya 6 au ya 7.