Ripoti haikumbuki kila kitu: tunayodhani na ukweli kuhusu kumbukumbu za watu wa utafiti wa bahari

"Mbona mwajisumbua kukusanya kumbukumbu za wazee, si yote yashaandikwa kwa ripoti?" Hili nalisikia sana hapa Malindi na si kweli. Ripoti yakwambia joto la maji na matumbawe yaliyokufa, basi, haikwambii nani alizamia wala kwa nini siku ile walihamia upande wa pili wa mwamba, kumbe ilikuwa bamvua, maji yajaa na kupwa sana, na mkondo unawabeba. Mjomba wangu aliendesha boti ya watafiti miaka mingi, na 1998 ile El Niño ilipopandisha joto matumbawe yakageuka meupe, yeye ndo alikuwa akiwashusha ndani ya hifadhi, anasema alipochungulia chini alidhani ni mchanga. Daftari lake lipo, karatasi zimeshikana kwa chumvi, pembeni kaandika kwa penseli "maji moto hata alfajiri".

Eti kumbukumbu za maana ni za maprofesa. Aa wapi! Meli ya Challenger ya Uingereza ilizunguka dunia 1872 hadi 1876 ikipima bahari, na ndani alikuwemo kijana wa stoo ya chakula, Joseph Matkin, barua alizowatumia watu wa kwao ndo zatuonyesha mabaharia wa kawaida waliishi vipi. Wanasayansi wenyewe waliandika zaidi viumbe na matope ya kilindini.

Halafu kuna wanaosema wazee husahau. Ni kweli mjomba huchanganya miaka, lakini msimu hachanganyi, kwa hivyo usimuulize "mwaka gani", muulize ilikuwa kaskazi ama kusi, bamvua ama maji mafu yasiyojaa sana, na boti ilikuwa ipi, ukishapata hayo ndo ulinganishe na daftari.

"Nimemrekodi kwa simu, yatosha." Hili laniuma mpaka leo. Nilimrekodi saa nzima, simu ikaingia maji, yote yakapotea. Weka nakala mbili sehemu tofauti, anza kwa kutaja jina, tarehe na mahali, na umuulize kama aridhia wengine wasikie, manake kuna maneno ya kazini asiyotaka yatoke.

Wiki hii narudi kwake. Nataka anieleze ile silakanti iliyonaswa na trola, meli ya kukokota wavu, huku kwetu 2001, samaki ambaye dunia ilidhani alitoweka na dinosaria mpaka akapatikana Afrika Kusini 1938. Mjomba asema alimshika magamba.