Riakta ya mtiririko mfululizo ni kitu gani hasa?

Ukisikia riakta unawaza nyuklia, si ndio? Ila kwa watu wa kemia riakta ni chombo chochote ambacho ndani yake kitu kinageuka kuwa kitu kingine, hata pipa la pombe ya kienyeji ni riakta. Sasa zipo za mkupuo, unajaza, unasubiri, unamwaga, unaosha, unaanza upya, kama sufuria ya pilau. Halafu zipo hizi za mtiririko mfululizo, malighafi inaingia huku na mzigo unatokea kule bila kusimama, kama mashine ya kusaga mtaani, mahindi juu unga chini na mota haizimwi. (Wapo wanaosema "mtiririko endelevu", mi silipendi hilo neno, siku hizi endelevu ni habari za mazingira, na riakta inaweza kutiririka mwaka mzima huku inachafua mto.)

Kinachochanganya wengi ni muda. Kwenye sufuria unaangalia saa, lakini huku saa yenyewe ni ukubwa wa chombo: chukua ujazo, gawanya kwa kasi ya pampu. Tanki la lita 100, pampu inaingiza lita 50 kwa saa, basi mzigo unakaa humo masaa 2 kwa wastani, na ukiongeza pampu ifike lita 100 umebakiwa na saa 1 tu, kwa hiyo ukitaka kuzalisha haraka bila kuharibu ubora inabidi uongeze tanki au urefushe bomba.

Chukua biodizeli, yaani mafuta ya kuendeshea injini ya dizeli, inayotengenezwa kwa mafuta yaliyochoka kwa kukaangia chipsi. Unayachanganya na methanoli na kostiki soda kidogo, joto kama nyuzi 60 hivi, usizidishe maana methanoli inachemka karibu na 65. Kilo 100 za mafuta na kama kilo 10 za methanoli zinakupa karibu kilo 100 za biodizeli na kilo 10 hivi za glisirini, na ukiziacha kwenye chupa unaona kabisa glisirini nzito ya kahawia imezama na biodizeli ya njano imekaa juu. Tatizo ni kwamba mafuta na methanoli havichanganyiki kirahisi. Kwenye pipa unakoroga tu, ila ndani ya bomba hakuna mwiko, kwa hiyo wanapachika vipande vya chuma vilivyosokotwa, havizunguki wala nini, mkondo wenyewe ukipita unapasuliwa na kukunjwa, unapasuliwa tena, mpaka mafuta na methanoli vinashikana. Na mafuta yaliyokaangiwa sana yana asidi, ikikutana na kostiki unapata sabuni, kwenye pipa utapoteza mkupuo mmoja ila kwenye mtambo unaotiririka uchafu huo unaendelea kwenda mbele mpaka mtu ashtuke. Ndo maana mwenye ndoo mbili tatu za mafuta kwa wiki abaki na pipa lake, hizi pampu ni za mwenye mzigo unaokuja kila siku.

Kwenye kusafisha maji ya kunywa hadithi ni ileile ya muda. Klorini inahitaji kama dakika 30 kuua vijidudu, sasa fundi anajenga tanki, hesabu inatoa dakika 30 safi, halafu anaweka tundu la kuingilia na la kutokea yanatazamana. Maji nayo yanapenda njia ya mkato, mengine yanakatiza katikati yanatoka baada ya dakika chache wakati mengine yanazubaa kwenye kona, wastani unasoma vizuri na watu wanaharisha. Dawa yake ni kuta za kupishana ndani ya tanki, maji yaende kwa zigizaga, hakuna wa kumpita mwenzie.

Riakta ninayoikubali zaidi ni ile inayofanya kazi mbili kwa pamoja, inatibu maji machafu na kutoa nishati, iliyotengenezwa Uholanzi miaka ya 1970 na mtaalamu wa maji machafu Gatze Lettinga na wenzake. Maji machafu yanaingia kwa chini, yanapanda polepole kupita kwenye blanketi la tope lenye bakteria, wao wanakula uchafu na kutoa biogesi, gesi inakusanywa juu na maji yanatokea pembeni. Hapo utauliza, kama kila kitu kinatiririka mbona bakteria hawasombwi? Wanashikana wenyewe kuwa punje ndogo za milimita chache, nzito, zinazama, kwa hiyo maji yanakaa humo masaa tu na bakteria wanakaa wiki na wiki.